Kikapu cha Uzito

Mke wa fundi viatu alikuwa mwoga. Aliogopa radi, aliogopa mbwa hata akiwa kafungwa, na zaidi ya yote aliogopa kukosea. Mumewe alikuwa akimtania: kwa mwoga huenda kicheko. Kwa woga huohuo wa kukosea, zahanati ilimpa kazi ya kutoa dawa dirishani.

Alikuwa amejifundisha kuitungia kompyuta amri ndogondogo, makro. Moja ilipokea uzito wa mgonjwa, nyingine ilikadiria dozi, ya mwisho ilichapa lebo ya chupa. Ili uzito usiandikwe upya kila mara, aliutengea mahali pamoja ambapo amri zote zingeufikia. Mumewe hakusoma, basi akamweleza kwa kikapu: mmoja anatia, wengine wanachota. Wenzake walimwita Mama Vitufe.

Siku hiyo mzani wa watoto uliharibika. Muuguzi akaacha nafasi ya uzito wazi kwa mtoto mchanga, akidhani kompyuta itakataa. Haikukataa. Amri ya kwanza ilikuta patupu, ikapita. Na kikapuni bado mlikuwa na uzito wa mgonjwa aliyetangulia, mchukuzi wa magunia, pande la mtu. Lebo ikatoka safi. Foleni ilikuwa ndefu; mke wa fundi akaibandika kwenye chupa, mama wa mtoto akaondoka nayo.

Akaja mtoto mwingine asiyepimwa. Dozi ikatoka ileile ya mchukuzi. Hapo akamkumbuka yule mchanga.

Simu ya mama wa yule mchanga haikupokelewa. Alitoka mbio, akampitia mumewe kibandani. Fundi akamfuata na kiatu cha mteja mkononi. Mlango wa nyumba ya yule mama waliukuta umefungwa. Walibisha. Kimya.

"Mtoto halii," alisema mke.

"Labda kalala."

"Ndicho ninachokiogopa, mume wangu."

Wakabisha tena. Mama mtu akafungua, mikono ina povu la sabuni, akamwona mke wa fundi anainyakua chupa ya dawa dirishani kabla ya salamu. Kizibo kilikuwa hakijafunguliwa. Alikuwa anasubiri mtoto aamke.

Kesho yake mke wa fundi alimweleza mganga mkuu kila kitu, akaongeza amri: kikapu kimwagwe kwanza, na pasipo uzito lebo isitoke. Uoga haukumtoka. Nyumbani alikung'uta kila kikombe kabla ya kumimina, na fundi hakumtania tena.

Miaka mingi baadaye, alipougua akalazwa yeye, aliwauliza wauguzi neno moja tu kila asubuhi: "Mmenipima leo?"

Walimpima. Kila mara alikuwa mwepesi kuliko jana.