Asumini Iliyonona Majani

Juzi nilisimama kwa muuza miche wa Ukunda, nikamweleza kwamba asumini yangu ya kwenye ndoo ina majani tele lakini haitoi kitumba hata kimoja. Kijana wa watu, kwa adabu zake, akanipa mfuko wa mbolea nyeupe. Niliurudisha mezani kwa kishindo hadi akashtuka. Akaniuliza, "Mama, kwani mbolea imekukosea nini?" Nikaondoka bila kumjibu. Wewe nitakujibu, maana hasira hii nimezeeka nayo.

Nyumba ya bibi yetu mzaa mama ilikuwa Msambweni, na harufu yake ilikupokea kabla hujapiga hodi. Asumini ilikuwa uani, imeparamia ukuta wa makuti wa bafu, chakula chake maji ya kuoshea samaki na majivu ya jikoni. Kila alasiri dada yangu mkubwa alichuma vitumba vikiwa bado vimefumba, akavilaza juu ya kitambaa kibichi kwenye sahani ya bati. Bibi alivitunga kwa uzi pamoja na mrehani, na jioni vikafumbuka kwenye nywele za aliyevivaa. Kuchuma ilikuwa kazi ya dada peke yake. Bibi alisema ana mkono mwepesi, mti hausikii maumivu. Alipokuwa katika siku zake za mwezi hakuusogelea kabisa. Hiyo ilikuwa sheria ya uani, na dada aliishika kama anavyoshika sala.

Mwaka mmoja, baada ya mvua za masika, mama yetu mdogo akaposwa. Kwetu bibi harusi alipambwa kwa asumini ya uani kwao. Kuomba ya jirani ilikuwa aibu. Mjomba wetu, aliyekuwa akikata nyasi katika hoteli moja ya Diani, akataka kuonyesha ubingwa. Akaleta mbolea nyeupe ya kukuzia nyasi za hoteli na kuimwaga shinani bila kipimo. Majani yakaja mapana, yanang'aa, na watu wakamsifu. Maua hayakuja. Vitumba vichache vilivyochungulia vilidondoka vingali vidogo kama mtama.

Bibi alihangaika. Aligeuza majani akitafuta wadudu, akapunguza maji, akapogoa, akaongeza majivu. Wapi. Ndipo jirani, aliyekuja kusaidia kuchagua mchele wa harusi, akasema mti huu umeguswa na mwenye hedhi. Macho yote yakamwendea dada. Wakamwita chumbani, msichana wa darasa la nane, wakamuuliza mambo ya mwili wake mbele ya watu wazima. Akaapa, hawakumsadiki. Mjomba, akinywa chai barazani, akasema wasichana wa siku hizi hawana haya. Hata sasa nikiandika maneno hayo nauma meno.

Siku moja kabla ya harusi nilimfuata bibi nyuma ya bafu. Huko tawi moja la asumini lilikuwa limelala chini tangu zamani, likatoa mizizi yake na kuwa mti mdogo. Mbolea ya mjomba haikufika huko. Mti ule ulikuwa umejaa vitumba. Bibi aliutazama kwa muda, kisha akarudi kulitazama shina kubwa.

"Mti uliochafuliwa hunyauka," akasema. "Huu umevimbiwa."

"Kwa hivyo si dada, bibi?"

"Si dadako. Lakini mjombako amealika wakubwa wake wa hotelini, na harusi imefika. Nyamaza."

Bibi akachuma mwenyewe. Mama mdogo akapambwa, akapendeza, vigelegele vikasikika hadi barabarani. Dada alikuwa jikoni akikuna nazi, amekatazwa kugusa maua. Nikamwendea nikamwambia niliyoyasikia. Akaendelea kukuna nazi. Bibi alipenda kusema funika kombe mwanaharamu apite. Kombe lilifunikwa kweli, na aliyefungiwa chini yake ni dada yangu.

Bibi nilimpenda na bado namwombea rehema, lakini hili sijamsamehe. Mjomba alizikwa kwa heshima zote, bila kumwomba dada radhi. Uani pameuzwa, pamejengwa nyumba za kupangisha, na ile harufu imekwenda na watu wake. Wakati mwingine napita pale nikiitafuta, nasikia saruji mbichi tu.

Mwaka jana nilimwoza binti yangu. Nilikuwa nimenunua asumini kwa watu, zingali mtini, nikampa dada sahani akachume, kwa kuwa hakuna aliyestahili kuliko yeye. Ni mwanamke mzima sasa, ana wajukuu, na ukweli wa mti ule nimemweleza tena na tena.

Akanirudishia sahani. "Chuma wewe," akasema. "Mkono wangu mimi si mzuri."