Boriti za Jumba la Dansi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkaguzi Mkuu wa Majengo, Mzungu asiyependa salamu ndefu, alinikabidhi tindo, daftari na safari ya kwenda jumba kongwe la dansi karibu na Mnazi Mmoja. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, na kila nilichoambiwa nilikitilia shaka.

"Boriti hupimwa mahali patatu," alisema. "Ncha mbili na katikati. Tindo ikizama, imeoza. Zikioza, tunabomoa."

Jumba lilitunzwa na Bi Tatu, mwanachama mkongwe wa chama cha dansi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanionyesha pembe moja ya ukumbi.

"Yule malenga wetu mashuhuri alikuwa akikaa pembe hii ujanani, kabla magazeti hayajamjua. Kucheza hakujua, lakini akianza kujibizana kwa mashairi, hata wapiga tarumbeta walinyamaza. Liandike hilo, mwanangu, wasitubomolee."

"Ushahidi uko wapi, Bibi?"

"Kwani mama yako alikuzaa kwa risiti?"

Wanawake waliokuwa wakifagia wakaangua kicheko. Nikapanda ngazi kwa hasira.

Boriti zote za mikoko zilifichwa na kitambaa cha marekani kilichotandazwa kama dari, isipokuwa ncha moja mlangoni, paa lilipovuja. Nikagonga. Tindo ikazama. Nikataka kitambaa kishushwe.

"Jumamosi tuna dansi," alisema Bi Tatu. "Njoo Jumatatu, tutakishusha wenyewe."

Sikurudi. Kwangu jibu lilikwishapatikana, na dansi lao lilikuwa kisingizio. Jumatatu niliweka ripoti mezani.

"Mahali patatu?" aliuliza Mkaguzi Mkuu.

"Ndiyo, Bwana."

Akatia sahihi.

Walipobomoa nilikwenda kutazama. Misumeno ilikwama. Hatua moja tu kutoka mlangoni, boriti zilikuwa nyekundu, ngumu, nzima kabisa. Mwenye duka mmoja wa Kariakoo alizipakia zote kwenye mkokoteni akajengee duka lake. Bi Tatu alisimama ng'ambo ya barabara. Nilingoja anitukane. Aligeuka akaenda zake.

Nilihamishiwa Tanga, kisha Tabora, nikarudi Dar es Salaam kukikalia kiti cha yule Mzungu. Vijana waliniona msumbufu: sikupokea ripoti ya boriti mpaka nipande mwenyewe na tindo.

Kama malenga alikaa pale kweli, sijui hadi leo. Nimetafuta maandishi, sikupata. Wa kuulizwa wamekufa. Nimestaafu, na wanafunzi wa chuo kikuu hunijia wakitaka kujua lile jumba lilibomolewa kwa nini. Miaka yote nimewajibu kwamba boriti zilioza.

Hazikuoza.