Mshale wa Volti na Moshi wa Udi

Kila nikisikia harufu ya udi, uso hunishuka. Utotoni niliunga kidude cha kuongeza na kupunguza kasi ya feni ya kompyuta, nikakiwekea mita ya mshale kutoka redio mbovu, ionyeshe volti. Kompyuta ilikuwa ya mjomba, na kama feni isingezunguka angeichukua kompyuta yake.

"Volti kumi na mbili!" nikatangaza mbele ya wageni. "Inakwenda kasi!"

Mama, aliyekuwa akifukiza sebule, akasogeza chetezo kwenye feni. Moshi ukapanda wima: mshale ulionyesha kumi na mbili, lakini feni ilikuwa imesimama.

"Mbona sisikii upepo, bwana fundi?" mjomba akauliza.

Mama akainama kama anayeweka sawa makaa, akapuliza taratibu. Moshi ukapinda.

"Si huo hapo, kaka," akasema, bila kunitazama mimi.