Tulivyochakachua wiski ya Mswidi hapa Doha, bosi akaipenda kuliko ya kweli

Wakuu, habari za huko mliko. Hii nimekaa nayo moyoni miaka kadhaa, leo naitoa kama ilivyokuwa, sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wengine bado wako kazini.

Ilikuwa 2013. Mimi ni Mkenya, Mtaita wa Voi, na nilikuwa mhudumu wa baa kwenye hoteli moja hapa Doha.

Kabla hamjauliza: ndiyo, Doha kuna baa, ila ndani ya hoteli na kwa kibali. Na ndiyo, nilikuwa nauza pombe huku kila Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na ibada, nikipokea waumini mlangoni kanisani Mesaimeer, eneo la makanisa hapa Doha. Wiski yenyewe nilikuwa sijawahi kuonja. Nilijua majina ya chupa, basi.

Tulikuwa na mgeni mmoja, tumwite Nils. Mzee wa Kiswidi, injinia, kazi yake Lusail, mji mpya uliokuwa unajengwa kando ya Doha. Alikuwa ameishi hotelini kwetu karibu miaka miwili. Mpole, anakumbuka hadi majina ya watoto wetu. Kila akikaa kaunta analalamika kitu kimoja: kwao kuna wiski inayochanganya malt na rye, na hajaigusa tangu aje.

Kwa asiyejua: malt ni shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Rye ni nafaka, ndugu wa ngano, wenzetu wa nchi za baridi huifanyia mkate mweusi. Hadi hapo tuko pamoja.

Mudir wetu, yaani meneja wa vinywaji, akaagiza chupa moja kwa ajili yake. Ilichukua miezi. Ikafika siku chache kabla ya Ramadhani, na Ramadhani baa zinafungwa mwezi mzima. Ikaamuliwa itafunguliwa baada ya Idi, kwenye hafla ya kumuaga Nils, kwa sababu alikuwa anastaafu.

Mwezi huo mimi na Wasswa, Mganda niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja, tukapewa kazi ya kupanga stoo.

Mnaona inakoelekea.

Siku ya tatu Wasswa akaishika ile chupa, akaisoma mbele na nyuma, akaniambia mhudumu hawezi kumweleza mteja kitu asichokijua. Akasema ni suala la weledi. Nilikubali haraka kuliko nilivyotarajia.

Plastiki ya shingoni aliilainisha kwa mvuke wa birika, taratibu, ikatoka nzima. Tukamimina kidogo kwenye vikombe vya chai.

Wakuu, nilitegemea dawa ya kikohozi. Kwanza iliniunguza ulimi. Halafu ikatulia, ikaja ladha ya ganda la mkate uliookwa vizuri, na nyuma yake kitu kikali kama pilipili manga. Nilipomeza ikabaki asali, kwa mbali. Nilikaa juu ya kreti nikanusa kikombe kitupu. Wasswa akapitisha kidole ndani ya chake, akakilamba.

Kesho yake tukaonja tena, kuhakikisha kama tulisikia vizuri.

Keshokutwa pia.

Kufika katikati ya mwezi, chupani vilibaki vidole viwili na mimi usingizi umenihama. Kunywa kazini, tena chupa ya mgeni, tena Ramadhani: hapo si barua ya onyo, hapo ni tiketi ya kurudi nyumbani. Na Voi nina mke na watoto wawili waliokuwa wanasoma kwa kazi hiyo.

Suluhisho lilitoka kwa Wasswa. Akasema lebo yenyewe imeandikwa malt na rye. Stoo tuna malt ya Uskoti, tuna rye ya Marekani. Tatizo liko wapi?

Tukapima, tukachanganya, tukalinganisha rangi kwenye taa, tukajaza hadi shingoni. Plastiki ikarudi kwa gundi ya kubandikia kucha, tuliyoomba kwa dada mmoja wa Kifilipino bila kumwambia ya nini.

Siku ya hafla, saa kumi na moja jioni, mudir akanipa mimi heshima ya kuifungua. Nilikizungusha kizibo polepole mno. Watu wakadhani ni uchungu wa kuagana.

Nils akanusa. Akaonja. Akaniangalia mimi, si glasi.

Mudir akamuuliza ikoje. Akajibu kwamba amefurahi kuliko anavyoweza kueleza. Mudir naye akaonja, akafumba macho, akawaambia wageni kwamba humo unaisikia theluji yenyewe. Wasswa akainama chini ya kaunta kama anatafuta kitu.

Walipoanza kupiga picha, Nils akanivuta pembeni.

"Nani aliichanganya?"

Ningeweza kukana. Nikatazama viatu vyangu. "Ni sisi, Mister Nils. Tulionja, tukashindwa kuacha."

Nilingoja amwite mudir. Hakumwita. Akauliza, "Ile yenyewe ilikuwaje?"

Nikamweleza. Ganda la mkate. Pilipili manga. Asali. Akaniomba nirudie polepole, nikarudia, na yule mzee akasikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka kwao. Kisha akanishika bega, akasema afadhali kuna mtu Doha aliyeinywa kwa akili. Akarudi kwa wageni wake.

Ile aibu, hata kelele za mudir zisingenipa.

Mngedhani imeisha.

Mudir aliupenda ule mchanganyiko wetu. Chupa ilipokwisha akaagiza nyingine. Ikaja ya kweli, imefungwa tangu kiwandani. Akaonja, akakunja uso, akasema hii ni feki, msambazaji amemchezea. Akaanza kuandika barua ya malalamiko, na dereva aliyeileta, baba mmoja Mkenya wa Kisii, akaitwa aje kujieleza.

Hapo nikashindwa. Wasswa alinisihi ninyamaze. Niliingia ofisini nikasema yote, jina lake tu nikaliacha nje.

Mudir alinisikiliza hadi mwisho. Akaenda akafunga mlango. Nikajua anachowaza: akinifukuza itabidi aandike sababu, na sababu ni kwamba yeye mtaalamu amesifia kazi ya watu wa stoo mbele ya wageni.

Akaichana ile barua. "Khalas, yamekwisha," akasema. "Kuanzia kesho uko kwenye mayai."

Nikawakaangia wageni omleti za asubuhi miezi minane. Dereva akaendelea na kazi yake. Wasswa akapandishwa cheo, akawa ndiye anayewafundisha wahudumu wapya habari za wiski. Sina la kusema hapo.

Nilichojifunza ni kwamba kosa langu lilikuwa tamu hadi lilipotaka kumrudisha nyumbani mtu mwingine. Ningetangulia kusema, hata yule baba asingeitwa.

Haya, anayetaka kunihubiria nampokea, nimestahili. Ila nyinyi mnaofanya kazi mahotelini msipite kimya kimya. Semeni na nyinyi mlionja nini.