Mama Daktari Alivyosubiri Usaili

Mke wangu alifanya kazi ya udobi hospitalini tangu binti yetu akiwa mgongoni. Yeye alikuwa upande wa nguo za upasuaji: magauni ya kijani, mashuka yenye tundu katikati, taulo za kukaushia mikono. Zikitoka kwenye mashine alizikagua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Akiona uzi umechomoza, anauvuta. Akiona doa, nguo inarudi. Kisha anakunja nje ndani, ili daktari akivaa gauni asishike upande utakaomgusa mgonjwa.

Nyumbani alikunja hivyo hivyo. Mashati yangu yote yalikaa kabatini nje ndani. Nikilalamika kwamba mimi ni fundi wa makochi, sipasui mtu, ananijibu, "Hayo makochi yangekuwa na mdomo, yangesema."

Hata tulivyojuana ni hivyo. Niliitwa hospitalini kushona viti vya wagonjwa wanaosubiri. Akapita, akaona misumari yangu sakafuni, akasimama mpaka nikaokota yote. Nilipomaliza nikamwuliza jina.

Binti alipohitimu udaktari, jina hilo likafa. Kila mtu akamwita Mama Daktari, na mimi nikafuata. Alijifanya hapendi. "Acheni hizo," anasema, huku ameshageuka.

Binti alitaka ubingwa wa upasuaji. Kisu alikuwa anashika tayari, lakini chini ya wakubwa, na bila ubingwa angebaki chini yao mpaka azeeke. Hospitali kubwa zinazofundisha ubingwa huo ni chache na waombaji wamejaa kama mchwa. Ukishaomba, unangoja kuitwa kwenye usaili. Usipoitwa, mwaka umekwenda. Mwaka wa kwanza hakuitwa hata mahali pamoja. Mwaka wa pili akaomba tena, hospitali zote.

Alitueleza mezani. Wakikuita wanaleta ujumbe kwenye simu. Ujumbe huo huo wanawapelekea watu wengi kuliko nafasi walizo nazo. Ndani mna siku za kuchagua. Aliyewahi anachagua, aliyechelewa anakuta zimejaa.

"Sasa hiyo ni adabu gani?" mke wangu akauliza. "Unamkaribisha mtu kwako halafu unaondoa viti?"

"Mama, ni kama bomba la mtaa. Maji yakifunguliwa, mwenye ndoo karibu ndiye anachota."

"Basi lala na ndoo."

Akalala nayo kweli. Shida ilikuwa chumba cha upasuaji, maana humo huingii na simu. Kwa kuwa walifanya kazi hospitali moja, siku za kupasua simu alimwachia mama yake kule kufulia. Hospitali zile akaziwekea mlio wa peke yake, usiofanana na mwingine. Ukilia, mama apande ghorofani, ampe sista wa mlangoni, sista atamalizia. Alitaka kumfundisha abonyeze mwenyewe, lakini mama yake hakujua kusoma, akakataa.

"Nikikosea nikakupeleka kwa madaktari wa meno?"

Simu aliiweka kifuani, ndani ya nguo. Kule kufulia kulikuwa na mwenzake waliyemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Huyo ndiye aliyenisimulia mengi ya siku ile. Alikuwa akimtania kila asubuhi.

"Mama Daktari, mtoto umemnyonyesha leo?"

"Kashiba. Kalala."

"Mfinye basi alie, tumechoka kusubiri."

Wiki zikapita hivyo. Miguu ya mke wangu ilikuwa imeanza kuvimba. Ni moyo. Alipewa dawa, akaambiwa apunguze kusimama. Kazi ya udobi ni kusimama.

Siku mlio ulipolia, Redio alipiga kigelegele mpaka wa mashine za mwisho wakasikia. Mke wangu akakausha mikono, akapanda ngazi, kwa sababu lifti ilikuwa imebeba mgonjwa. Huko juu kuna mstari mwekundu umepakwa sakafuni. Ukiuvuka lazima uwe umebadilisha nguo na viatu. Akasimama nyuma ya mstari, akaita. Sista akatoka.

"Wamemwita," mke wangu akamwambia.

"Haya lete, haraka!"

Mke wangu akanyoosha mkono wenye simu, kisha akaurudisha. "Yeye yuko wapi?"

"Mezani. Tumbo la mtu liko wazi, kuna damu inawasumbua kidogo. Lete nimwonyeshe, achague siku."

"Mkono wake uko ndani ya mtu?"

"Ndiyo, lakini mkubwa wake yupo. Ni dakika moja tu, mama."

"Hapana. Usimwambie kitu. Akisikia, mkono utatetemeka."

"Basi nichague mimi, siku yoyote."

"Na ikigongana na zamu yake? Atatoka, achague mwenyewe."

"Mama Daktari, zitajaa!"

"Hao nao si madaktari? Hawajui mwenzao akiwa kazini yuko wapi? Watamngoja."

Hivyo ndivyo alivyoamini. Miaka yote alifanya kazi ili mtu aliyelala kwenye meza ile asipelekewe uchafu wala purukushani. Na simu ile ilikuwa imetoka kifuani kwake, ina jasho na vumbi la nguo. Hakuona vipi hospitali inayofundisha kupasua ingemfungia mtu mlango kwa sababu yuko anapasua.

Sista akarudi ndani. Mke wangu akasimama. Kiti hakikuwepo.

Binti alitoka barakoa ikiwa imening'inia shingoni. Mama yake akampa simu kwa mikono miwili. Akasoma, akateremsha kidole, akapandisha, akateremsha tena.

"Zimejaa."

"Nini kimejaa?"

"Siku zote. Wameniweka akiba."

"Akiba ndiyo nini?"

"Mtu akijitoa, wataniita."

"Na yule mgonjwa?"

"Mzima. Tumemfunga vizuri."

"Basi," mama yake akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini, "Basi."

Binti hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa afadhali. Aliyemgombeza ni Redio.

"Na wewe naye! Si ungempa tu sista?"

"Ungekuwa wewe uko pale mezani, matumbo nje, ungetaka daktari apelekewe simu?"

"Ningekuwa nimelala, ningejuaje?"

Wenzao wakacheka. Yeye alichukua gauni lililofuata.

Tangu siku ile hakuishika tena simu ya mtoto. Nyumbani ikilia, anatoka nje. Alikuwa mtu wa utani, akawa mtu wa ndiyo na hapana. Nilimwambia wapo waliochelewa kwa uvivu, yeye hakuchelewa kwa uvivu. Akasema, "Kuchelewa ni kuchelewa, baba." Miguu ikazidi. Mwisho akashindwa kupanda kitanda mwenyewe, wakamlaza hospitalini.

Hata wodini alikagua shuka alilolalia. "Nani kakunja hili?" akaniuliza. "Mwambie Redio aje anione." Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akitania.

Binti alikuja kila alipopata nafasi. Alimpima, akamgeuza, akamsugua miguu. Swali la mama yake lilikuwa lile lile.

"Wamekuita?"

"Bado, mama."

Zile hospitali nyingine zilikuwa zinajibu moja baada ya moja, na zote zilisema hapana. Hilo hakumwambia. Iliyobaki ilikuwa ile ya akiba.

Siku moja nilimfuata binti ukumbini, nikamshika mkono.

"Mwambie umeitwa."

"Baba."

"Mwambie tu. Apumzike."

"Ataniuliza siku gani. Ataniuliza nitavaa nini. Atataka anyanyuke aninyooshee koti. Nitamdanganya mpaka lini?"

"Mpaka..." nikasema.

Yeye ni daktari. Mwisho wa neno lile aliujua kuliko mimi. Akajifuta uso kwa mkono wa koti, akarudi ndani. Mama yake akauliza. Nikamsikia akijibu, "Bado, mama."

Siku ya mwisho pumzi ilikuwa nzito. Akatuita wote wawili karibu.

"Waandikie," akamwambia binti. "Waambie si wewe uliyechelewa. Ni mama yako. Waambie hajui kusoma, na hakutaka ukatishwe kazi."

"Sawa, mama."

"Na nilisimama pale muda wote. Sikuondoka."

"Nitawaambia."

Akanigeukia mimi, kama vile anataka shahidi. Nikaitikia kwa kichwa. Alikufa mchana ule, chakula kikiwa kinagawiwa wodini. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliangusha kijiko, akaomba radhi, kwa sauti kubwa, hajui kilichotokea. Kijiko kile bado nakisikia.

Tulimzika. Wa kule kufulia walikuja wote, wengine na aproni zao. Redio alikaa karibu yangu tangu mwanzo mpaka mwisho na hakufungua mdomo.

Binti aliandika. Alikaa mezani asubuhi moja kabla ya zamu, akanisomea kabla hajapeleka. Maneno yalikuwa machache. Nilimwuliza tu kama ametaja kwamba alisimama, hakuondoka.

"Nimetaja, baba."

Jibu lilikuja asubuhi nyingine, tukiwa na vikombe mkononi. Akasoma kimya.

"Wanasemaje?"

"Wanatupa pole."

"Na?"

"Wamesikitika sana. Lakini hakuna aliyejitoa. Usaili umeisha, wameshapata watu wao. Wananitakia heri."

"Chini pana jina la mtu?"

"Hapana. Ni ofisi."

Yeye alikuwa ameshainama, anafunga kamba za viatu. Nikamwuliza kama mwakani ataomba tena.

"Sijui, baba."

"Mama yako..."

"Najua."

Akabeba mfuko wake. Kulikuwa na mtu wa kupasuliwa asubuhi ile. Mama yake angemfuata mpaka barabarani, angemwandama kwa maneno, angemtania, angemtisha, mpaka mtoto aseme ndiyo ili aachwe aende. Mimi maneno hayo sina. Nilimwambia tu aangalie magari akivuka.