Ng'ombe Hanywi Namba

Ukimtaka Othusitse hapa kambini, usihangaike kumtafuta zizini, maana hana hata mkia mmoja wa ng'ombe. Nenda kisimani. Ndiye anayeendesha pampu ya umoja wetu wa wafugaji. Huwanywesha ng'ombe wetu, huwatukana kwa majina yao, na jioni hurudi kwake kula uji wa mtama kwa maziwa ya kuomba.

Kipenzi chake ni kihisi. Ni kidude cha chuma, kinene kama gunzi la mahindi, kimeshushwa kwa waya hadi ndani kabisa ya kisima. Huko chini kinausikia uzito wa maji yaliyokilalia, na huku juu kisanduku kinaonyesha ni mita ngapi. Maji yakipungua mno, chenyewe huizima pampu isije ikavuta hewa ikaungua. Othusitse amekipa jina la Mkwe.

"Hasemi sana, na hasemi uongo," hutuambia. "Nyinyi je?"

Mwaka huu mvua ilitunyima. Mwenyekiti wetu, Rra Ntesang, mzee mkavu kuliko mchanga wa jangwa la Kgalagadi, akapitisha sheria: maji yakiwa chini ya mita tisa, hakuna ng'ombe mgeni kunywa hapa. Sote tukaitikia. Haukupita muda, Boikanyo, binti wa dada yake Othusitse, akachumbiwa.

Kwetu mjomba hakosi fungu lake katika mahari. Ng'ombe wengine walikuwa wa baba wa binti, mwenye kisima chake, lakini mtamba mmoja mwekundu alikuwa wa Othusitse. Ng'ombe wake wa kwanza, na kichwa kimeshajaa mvi! Na kule kisimani Mkwe alikuwa anasoma mita nane; mtamba huyo asingekunywa. Roho iliniuma, ila sheria ni sheria.

Siku ya mkutano wa umoja pale kisimani, harusi ikiwa imekaribia, kisanduku kilisema mita tisa na nusu. Vigelegele vikapigwa.

"Haya, mjomba, kamlete mtamba wako!" nikamwambia.

Othusitse hakucheka. Aliinama kwenye mdomo wa kisima, akaushika waya, akaupapasa.

"Jamani, maji hayajapanda," akasema. "Kihisi ndicho kilichoshuka. Mtu kalegeza kishikio cha waya, kikazama zaidi."

"Wewe nawe!" akafoka Mma Gaseitsiwe, mama ambaye hajawahi kumwogopa mtu. "Umepewa nyama, unauliza nani kachinja?"

"Mma, ng'ombe hanywi namba. Tukiacha hivi, maji yatakwisha Mkwe akidhani yapo. Pampu itaungua, na ng'ombe wangu na wenu watalamba mchanga pamoja."

Akauvuta waya mpaka kwenye alama yake, akaukaza. Kisanduku kikarudi nane. Amejifungia mlango mwenyewe.

Rra Ntesang akakohoa.

"Ni mimi," akasema, macho kwenye viatu vyake. "Sheria niliitunga mwenyewe. Ningeivunjaje kwa mdomo wangu? Nikaona bora maji yaivunje."

"Eti mwenyekiti!" Mma Gaseitsiwe alikaa chini kwa kicheko. "Mzee mzima na ndevu zote hizo, unamfundisha Mkwe uongo!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Othusitse naye alicheka, huku akifuta macho.

"Rra, umenipenda vibaya," akasema.

"Nyamaza. Harusi inataka nyama au haitaki?"

"Inataka."

"Basi achinjwe yule dume wangu mweusi. Anakunywa kama mitamba wawili. Akitoka yeye, mdomo mmoja umepungua, mwingine unaingia. Kisima hakijali ni mdomo wa nani."

"Lakini Rra, huyo dume si ndiye unayemsugua mgongo kila asubuhi?"

"Ndiye. Wewe si umeukataa uongo? Haya, kula ukweli, una mafuta."

Siku ya harusi tukamla, na kweli alikuwa na mafuta. Rra Ntesang aliigusa nyama kidogo tu, akasema meno yanamsumbua. Hakuna aliyemtania.

Harusi ilipokwisha, mtamba mwekundu aliletwa kisimani. Othusitse, aliyewatukana ng'ombe wetu miaka yote, alisimama mbele yake kavua kofia, hajui aanzie wapi. Mwishowe akawasha pampu, birika la ng'ombe likaanza kujaa, naye akasogea pembeni kumpisha.

"Karibu, Mma," akamwambia. "Maji yapo."