Moyo wa Firauni Kwenye Mizani

Mtu mwingine ukimwita Firauni, jiandae kushikana naye mashati. Muuza vitabu huyu yeye alifurahi kama aliyepandishwa cheo. Mtaa mzima ulimwita hivyo, na mkewe, fundi wa kujalidi vitabu, akawa Mke wa Firauni apende asipende. Hakupenda.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa ubao mwembamba. Mbele alikaa Firauni na kiti chake cha kukunja na rafu zake. Nyuma alikaa mkewe na sindano, uzi, gundi na kibano, akishona vitabu vikuukuu vilivyofumuka migongo. Ubao ule ulificha sura tu. Sauti ulizipitisha zote, isipokuwa minong'ono. Ndiyo maana mama yule, ambaye hakuwahi kufungua kitabu cha Misri ya kale isipokuwa kwa kukitia gundi, alizijua habari za huko kama za majirani zake.

Mtu akiomba kupendekezewa kitabu cha mambo hayo, Firauni alikuwa na vitatu, na utaratibu wake hauvunjwi hata na ndugu wa damu. Kwanza cha kijani, kinachosimulia ule mto mkubwa na mafuriko yake na wafalme walioneemeka kwa jasho la wakulima. Halafu cha kahawia, habari za wachonga mawe waliochimba makaburi ya wakubwa, walilala wapi, walikula nini, waligombania nini. Chekundu, cha miungu na hukumu ya wafu, kilikuwa cha mwisho.

"Ukianza na miungu utaambulia ndoto mbaya tu," alimwambia kila mteja. "Anza na mto, bwana. Miungu haina haraka."

Waliotaka vitabu vya kudai kwamba mapiramidi yalijengwa na viumbe kutoka angani aliwaelekeza duka la vipuri jirani, wakaulizie spea za chombo.

Mteja akifikia chekundu, ndipo Firauni alipojiweka sawa kitini, akakohoa kidogo, akaanza habari ya mizani. Mfu anaingizwa barazani. Mungu mwenye kichwa cha mbweha anautia moyo wake kwenye mizani. Upande wa pili kuna unyoya, mmoja tu. Pembeni kuna mnyama mwenye kichwa cha mamba, anameza mate. Hapo mteja huuliza, maana hakuna aliyewahi kujizuia: "Na moyo ukizidi uzito?"

Firauni hushusha sauti na kunong'ona. Mteja hucheka, wengine hupenga kamasi, na kitabu kimekwishanunuliwa. Nyuma ya ubao mkewe hakuwahi kulisikia jibu lile. Wala hakuuliza. Aliona ni ujanja wa biashara, na kusema kweli alikuwa na kazi.

Sasa tuje kwenye asubuhi yenyewe. Firauni alitumwa gundi, akakutana njiani na mtu anayetaka kujua jinsi maiti walivyokaushwa, akarudi na maneno tele na mikono mitupu. Mkewe alikuwa na vitabu vya shule nzima vinangoja. Ulimi wake ulikuwa mkali hata siku za raha, na siku ile haikuwa ya raha.

"Na wewe na maiti wako!" alimpigia kelele kupitia ubaoni. "Si uhamie huko kwao basi!"

Firauni alikohoa kile kikohozi chake kifupi. Mkewe akaendelea kushona, hasira zikapoa, akachemsha chai, akamtilia sukari ya ziada ili yaishe. Alipopita upande wa mbele na kikombe, mumewe alikuwa amekwisha kuhama.

Daktari alisema ni moyo, na neno hilo ndilo lililommaliza mama wa watu. Kwa sababu alizijua habari za moyo, alizisikia maisha yake yote. Neno la mwisho lililoingia ndani ya mtu yule lilikuwa lake yeye, na alimwona mumewe amesimama barazani, mizani ikiinama upande wake, na mamba anasogea. Tangu hapo hakumfokea mtu yeyote. Hata wateja waliomletea vitabu vilivyolowa uji aliwapokea kwa sauti ndogo, nao wakaogopa.

Halafu mambo yakaanza. Alikuta kile kitabu chekundu juu ya kiti cha kukunja, asubuhi, wakati duka alilifunga mwenyewe na ufunguo alilala nao. Akakirudisha rafuni. Kesho yake kiko kitini. Alipokuwa akishona, ng'ambo ya ubao mtu alikohoa kidogo, kama anayejiweka sawa aanze hadithi, na mwanamke akabaki ameshika sindano hewani. Alichungulia. Hakuna mtu, ila kitambaa cha kiti kilikuwa kimebonyea.

Binti yake alipopata habari alikuja mbio. "Mama, funga duka twende zetu. Utakaaje na kitu kama hiki?"

"Si kitu. Ni baba yako."

"Basi ndiyo mbaya zaidi!"

"Anangoja, mwanangu. Hajapita. Ni mimi niliyemtia uzito." Binti akaangua kilio, naye akalia, na ng'ambo ya ubao mtu akakohoa, wakanyamaza wote wawili.

Siku nyingine akaingia muuguzi mmoja, bado yuko ndani ya sare, ana kitabu cha kahawia mkononi. Alikuwa amekimaliza, anataka cha tatu. Mjane akafungua mdomo amwambie achukue aende, ila yaliyomtoka yalikuwa maneno ya Firauni, na mbweha wake na unyoya wake, hata kile kikohozi.

"Na moyo ukizidi uzito?" aliuliza muuguzi.

Mjane alitoa macho. "Sijui, dada yangu," alisema. "Hapo hakuwahi kunifikisha."

Jibu lililetwa na dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, mteja wa zamani, aliyekuja na chekundu chake kimefumuka kwa kusomwa. Alipomaliza kutoa pole na kueleza mgongo wa kitabu ulivyokatika, mjane hakugusa kitabu.

"Shemeji, hebu niambie. Ulipomuuliza moyo ukizidi uzito, alikujibu nini?"

Dereva alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha kucheka. "Kwani hukujua? Alikuwa anatuonyesha ubao kwa kidole. Anasema, 'Atakayepata tabu ni yule asiye na wa kumfokea. Mimi yule mama huko nyuma ananishushia mzigo kila siku. Akishanipasha, sibaki na kitu moyoni. Nitapita pale napepea.'"

"Alisema hivyo?"

"Kwa kila mtu, shemeji. Mtaa mzima unajua."

Dereva alipoondoka, mwanamke alizunguka ubao akasimama mbele ya kiti, mahali ambapo tangu msiba alikuwa akipapita upesi bila kupaangalia. Chekundu kilikuwa pale, jua la alasiri limekipiga. Akashika kiuno.

"Wewe nawe!" alisema. "Kutoa vitabu rafuni unajua, kuvirudisha hujui? Maisha yote mimi napita nyuma yako kuokota! Na gundi yangu iko wapi? Umeniachia vitabu vya shule nzima, unaondoka hata chai hujanywa, nani aliyekwambia uondoke? Mimi nilisema tu! Mimi kila siku nasema!"

Alimfokea mpaka sauti ikamkauka na machozi yakamlowesha kifua, na mwenye vipuri akatoka nje kusikiliza. Aliponyamaza, kikohozi kikasikika karibu kabisa, kifupi, kile cha mtu anayejua amekosa na amesamehewa.

Asubuhi iliyofuata kitabu kilikuwa rafuni na kiti kitupu. Alishona kutwa nzima sikio liko ubaoni. Kesho yake pia. Hapakukohoa mtu, na kitambaa cha kiti kikakazika kama kipya. Amepita, alijua, amepita anapepea, na alifurahi kwa ajili yake, alifurahi kweli. Kisha akaenda mbele, akakaa kwenye kile kiti, akafungua cha kijani, kwa kuwa ndicho cha kwanza, na akajuta kwamba alimfokea yote. Angebakiza hata neno moja.